Mwanafunzi wa Upande wa Mlangoni

Nimesoma mara mbili katika maisha yangu. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto, nikaishia darasa la saba, si kwa kukosa akili bali kwa sababu shule yenyewe iliishia hapo. Mara ya pili meno ya mbele yalikuwa yameshaniaga, darasa lilikuwa sebuleni kwangu, na mwalimu alikuwa mjukuu wangu. Nitasimulia hiyo ya pili. Ya kwanza wote walioiona wameshatangulia mbele ya haki, naweza kuitilia chumvi nitakavyo na asiwepo wa kunibishia. Sasa raha iko wapi?

Kubishiwa ndiko nilikokukosa kuliko vyote tangu mume wangu alipofariki. Watu hudhani anayeishi peke yake hukosa wa kuongea naye. Wa kuongea naye nilikuwa nao: redio, birika, mlango wa bafu unaolalamika kama mke wa pili. Lakini nikisema jambo la kipuuzi asubuhi, linabaki la kipuuzi mpaka jioni, liko pale mezani kama sahani isiyooshwa. Hakuna wa kusema, "Wee mama, hebu acha."

Chini ya ngazi yupo fundi viatu, mzee wa rika langu, ambaye kubisha anajua. Ananiita Bibi Sindano kwa ajili ya ulimi wangu. Tatizo lake ni wateja. Ukimwanza tu, anakuja mtu na soli iliyobanduka, na wewe unabaki umeshika ngazi na jibu lako zuri mdomoni.

Basi siku moja mjukuu wangu akaja na sanduku, na mafaili yaliyomshinda kubeba. Mama yake, binti yangu, anafanya kazi nchi ya mbali, na chuo alichopata mjukuu kilikuwa karibu na kwangu.

"Mke mwenzangu," nikamwambia, maana tangu mdogo tunataniana kwamba babu yake ni mume wetu sote wawili, "wewe si ulishamaliza chuo? Si tulikupiga picha na lile joho?"

"Ile ilikuwa shahada ya kwanza, bibi. Ya mambo ya mimea."

"Na sasa unasomea nini?"

"Ualimu wa shule ya msingi. Watoto wadogo."

"Wadogo kiasi gani?"

"Darasa la kwanza, la pili, la tatu."

Nikakaa chini. "Mtu ana shahada, arudi chuoni, ili akamfundishe mtoto a, e, i, o, u?"

Akanieleza kwa upole, kama ninavyomweleza fundi viatu mambo ya wanawake. Asiyesomea ualimu tangu mwanzo lazima apate stashahada ya uzamili. Halafu mazoezi ya kufundisha katika shule ya kweli, muhula mzima. Halafu mtihani wa maandishi wa leseni. Halafu cheti cha daktari kwamba hana ugonjwa, na cha polisi kwamba hana makosa. Halafu, mwisho wa yote, somo la kupimwa: mkaguzi anakaa nyuma ya darasa na kalamu, wewe unafundisha, naye akikubali ndipo unapewa leseni. Bila leseni hakuna shule itakayokuajiri.

"Mwalimu wangu mimi alikuwa na darasa la nane na fimbo moja," nikasema.

"Na alikufundisha vizuri?"

"Fimbo ilifundisha vizuri sana. Yeye sikumbuki."

Akacheka. Kicheko hicho kilikuwa cha kwanza katika ile nyumba baada ya muda mrefu, ukiacha changu mwenyewe, na changu sikihesabu.

Hapa inabidi niwaeleze habari ya sikio langu, maana bila hilo hamtaelewa kilichotokea.

Sikio langu la kushoto nililiacha kiwandani. Nilifanya kazi kiwanda cha nguo mpaka nikastaafu, na mashine yangu ya kufuma ilikuwa kushoto kwangu ikipiga kelele kutwa nzima kama imefiwa. Siku ya kuagwa tulipewa saa za ukutani zinazogonga kila saa inapotimia. Yangu nimeitundika kushoto kwa kiti changu. Wageni inawashtua, mimi hainihusu. Kwa hiyo katika ukoo wetu mtoto hufundishwa kuja kwa bibi kutokea kulia kabla hajafundishwa kuamkia. Mjukuu wangu huyu alijifunza akiwa bado anatambaa. Alikuwa akifika kwenye kiti changu anakata kona kama gari, anatokea upande wa dirisha, ndipo anafungua mdomo. Hakuna aliyewahi kumkumbusha tena. Ikawa sehemu ya mwendo wake.

Nyumba yangu iko hivi: ukikaa kwenye kiti changu, dirisha liko kulia na mlango uko kushoto, na mbele yako kuna kabati kubwa la mume wetu, lililoishia sebuleni kwa sababu mlango wa chumbani ulilikataa. Mjukuu akalitazama lile kabati wiki nzima kama mtu anayetazama shamba. Kisha akaomba ruhusa, akaupaka mlango wake rangi nyeusi. Ukawa ubao. Ndani ya kabati lilikuwamo bado koti la marehemu, nami nikamwambia huyo ndiye mwanafunzi atakayempenda, maana hatasema neno wala hataomba kwenda chooni.

Kila alasiri, akirudi kutoka mazoezini, ananiweka kwenye kiti na kunifundisha somo la kesho yake.

"Leo uko darasa la pili, bibi."

"Jana si nilikuwa la tatu? Nimeshushwa?"

"Jana ilikuwa sayansi. Leo ni hesabu."

"Kwa hiyo hesabu sijui. Sema tu, mwalimu, usinifiche."

"Bibi, tulia."

Sikutulia. Nilijua kwamba watoto hawatatulia, nikaona nimsaidie. Nilimrushia vikaratasi. Niliomba kwenda chooni kila alipofika penye utamu. Nilishtaki kwamba koti la kabatini limenitukania mama. Siku moja nililala kabisa, na huo haukuwa mchezo, lakini niliposhtuka nikasema nilikuwa namjaribu. Alikuwa na kitabu kinachosema mtoto mtundu asichapwe, apewe jukumu. Akanipa jukumu la kufuta ubao. Nikawa nafuta ubao na kujipaka chaki puani, na nikishuka ngazi fundi viatu ananiuliza, "Bibi Sindano, leo umeanguka kwenye unga?"

"Nimetoka shule," namwambia.

"Wamekufukuza?"

"Mimi ndiye kiranja."

Nilianza kuvaa viatu ndani ya nyumba. Mtu aliyezoea kukaa peke yake huvaa kandambili asubuhi na kulala nazo karibu. Sasa ikifika alasiri nafunga kamba za viatu, nachana nywele, nakaa kwenye kiti nikisubiri kengele isiyokuwepo. Naye anaingia, anaweka mkoba, anakata ile kona yake, anasimama upande wa dirisha, na kuanza: "Habari za mchana, watoto."

Watoto, nilikuwa mimi peke yangu. Lakini neno lile lilijaza chumba.

Mtihani wa maandishi akaufaulu. Daktari akasema mzima. Polisi wakasema hana makosa. Nikawaambia majirani kwamba hawakuniuliza mimi. Likabaki somo la kupimwa. Na hapo ndipo aliponiambia, akiosha vyombo, kwamba kuna shule moja ya mbali, mbali ya kulala njiani, iliyokubali kumchukua muhula ujao iwapo atakuwa na leseni mkononi.

"Mbali kiasi hicho?"

"Huku walimu wamejaa, bibi. Kule wanatafutwa."

"Hata hapa unatafutwa," nikasema. "Sufuria ile bado ina masizi."

Siku ya somo la kupimwa alivaa sketi yake ya kijivu niliyomfupishia kidogo. Somo lilikuwa nusu na robo, kwa kukunja karatasi, na nusu na robo hizo nilikuwa nimekunjishwa mpaka vidole vikauma. Nilimfungulia mlango nikiomba mambo mawili kwa wakati mmoja, na hayo mawili hayakupatana. Sitayataja. Mungu aliyasikia, akachanganyikiwa.

Akarudi mapema. Mlango ulifunguliwa kushoto kwangu, sikuusikia, lakini upepo ulinigusa shingoni. Akapita nyuma ya kiti, akakata kona, akaja kusimama upande wa dirisha. Hapo ndipo akaanza kulia.

"Wamenifelisha, bibi."

"Nani kakufelisha? Mtaje nimwendee."

"Mkaguzi. Kasema somo lenyewe zuri, mpango mzuri, sauti nzuri. Lakini eti nusu ya darasa haikuwa na mwalimu."

"Nusu ya darasa ilikwenda wapi?"

"Ilikuwepo! Eti nilisimama dirishani mwanzo mpaka mwisho. Eti watoto wa upande wa mlangoni walinyoosha mikono mpaka ikachoka, na sikuwaona. Bibi, mimi sikuona mkono hata mmoja! Walinyoosha wapi? Ni uonevu tu. Amekuja na uamuzi wake mfukoni."

"Na yule mwalimu wa darasa, hajawahi kukwambia?"

"Yule akishanikabidhi darasa anakwenda kunywa chai."

Alikuwa akisema hayo amesimama palepale, mkono wake umeshika pazia la dirisha. Nyuma yake palikuwa na mwanga, na upande wa pili wa chumba, wa mlangoni, palikuwa patupu: zulia halijakanyagwa, maana waingiao wote hupita nyuma ya kiti, lina rangi yake ya dukani. Upande wa dirisha lilikuwa limelika mpaka nyuzi. Kazi yangu ilikuwa nguo, ndugu zangu. Zulia linaniambia mambo.

Nikaelewa. Yule mkaguzi hakuwa na uamuzi mfukoni. Mtoto alikuwa amejifunza ualimu kwa mwanafunzi mwenye sikio moja. Tangu anatambaa alijua kwamba anayepaswa kusikia yuko kulia, na kwamba kushoto ni ukuta. Akaingia darasani na ukuta wake.

"Unaruhusiwa kurudia?" nikauliza.

"Mara moja. Kabla ya shule kufungwa. Nikishindwa tena, narudia mazoezi yote, mwaka mwingine."

Mwaka mwingine. Akanitazama, nikamtazama. Ulimi wangu, ambao haujawahi kukosa la kusema hata msibani, ukalala chali. Mwaka mwingine wa viatu vya alasiri. Mwaka mwingine wa "Bibi, tulia." Nilihitaji tu kunyamaza, na kunyamaza hakuhitaji leseni.

"Pole, mke mwenzangu," nikasema. "Kanawe uso, ule."

Nikanyamaza. Siku zikapita, naye kila alasiri anarudia somo la nusu na robo, kwa bidii zaidi, kwa sauti nzuri zaidi, palepale dirishani. Nami nakunja karatasi yangu kama mwanafunzi mwema. Utundu ulinitoka. Aliniuliza kama naumwa.

Kilichonitoa kwenye ukimya ule ni mkate. Tulikwenda pamoja dukani jioni moja, na pale kwenye foleni alikuwepo mtoto wa kike, mdogo, kakumbatia mkate wake kifuani. Alipomwona mjukuu wangu akanyooka kama mshumaa.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

Na yule mtoto akasubiri. Ninyi mnajua jinsi mtoto anavyosubiri: anasimama kwa mguu mmoja, na kwa kidole cha ule wa pili anaukuna. Alikuwa anasubiri jina lake. Mjukuu wangu akatabasamu, akageukia muuzaji. Mtoto akaondoka, akageuka nyuma, akaenda hatua chache, akageuka tena.

"Nani yule?" nikauliza tukitoka.

"Sijui jina. Wa darasani kwangu, nadhani."

"Wale wa dirishani unawajua?"

"Wote! Yule wa mapengo, yule mwenye kikohozi, mapacha..." Akawataja mpaka tukafika kwenye ngazi.

Usiniulize kwa nini mtoto mwenye mkate alinikaa rohoni. Nilikuwa nimeishi muda mrefu kwenye nyumba ambayo hakuna anayeliita jina langu. Nilimjua yule. Tungeweza kukaa dawati moja.

Kesho yake nikashuka kwa fundi viatu.

"Leo unakuja shule," nikamwambia.

"Nina kiatu cha mtu hapa kinasubiri."

"Kiatu bila mguu kitakwenda wapi? Panda."

"Bibi Sindano, mimi hesabu zilinishinda tangu zamani."

"Ndiyo maana nakuleta. Mwalimu anahitaji mjinga wa pili. Mmoja amemzoea."

Akapanda na nyundo yake mkononi, ili asije akadhaniwa amekuja kustarehe. Nikamweka kwenye kigoda upande wa dirisha. Kiti changu mimi nikakisogeza mpaka karibu na mlango, penye zulia jipya. Mjukuu alipoingia akashangaa.

"Bibi, mbona umehama?"

"Tumeongezeka darasani. Anza, mwalimu, fundi ana kazi."

Akaanza. Akakata kona yake, akasimama dirishani. "Habari za mchana, watoto. Nani ananiambia, nikiikunja karatasi hii katikati, napata nini?"

Nikanyoosha mkono.

Fundi viatu akakuna kichwa. "Unapata... karatasi iliyokunjika."

"Vizuri! Imekunjika sehemu ngapi?"

"Mbili."

"Vizuri sana! Na kila sehemu tunaiitaje?"

Mkono wangu ulikuwa juu. Fundi akapewa muda, akasaidiwa, akasema "nusu" kwa sauti ya mtu aliyevumbua baiskeli. Mwalimu akampigia makofi. Mkono wangu juu. Wakaikunja tena. Fundi akasema "nusu ya nusu," mwalimu akafurahi, wakaifikia robo wakiwa wameshikana kama maharusi. Nikaushikilia kwa mkono wa pili. Ulianza kufa ganzi kuanzia kwenye kidole kidogo. Sikukohoa, sikurusha kikaratasi, sikulishtaki koti. Nilinyoosha mkono tu, kama mtoto aliyelelewa vizuri, na nawaambia hicho ndicho kitendo kigumu kuliko vyote nilivyofanya shuleni, safari zote mbili.

Somo likaisha. "Kuna mwenye swali?" akauliza, akimtazama fundi.

"Mimi sina," fundi akasema, "lakini mwenzangu huyu nadhani anakufa."

Mjukuu akageuka. Akaniona. Mkono wangu ulikuwa ukitetemeka kama nguo kwenye kamba.

"Bibi! Tangu saa ngapi umenyoosha?"

"Tangu karatasi ikiwa nzima."

Hakucheka. Alinitazama, akatazama dirisha, akatazama zulia. Akatazama miguu yake mwenyewe mahali ilipokuwa imesimama, kama vile ni miguu ya mtu mwingine imesahauliwa pale. Kisha akainua macho mpaka kwenye sikio langu la kushoto, na mkono wake ukapanda taratibu mpaka mdomoni.

"Yule mtoto wa mkate," akasema.

"Huyo."

"Walikuwa wananyoosha kweli."

"Walikuwa wananyoosha, mwalimu."

Fundi viatu akatutazama mmoja baada ya mwingine. "Kwa hiyo mimi nimefaulu au sikufaulu?"

"Umefaulu," nikamwambia. "Rudi kwenye viatu vyako ukaviringie."

Kuanzia siku hiyo kiti kikarudi katikati, naye akajifunza kutembea. Lilikuwa jambo zito kwake kuliko uzamili. Anaanza dirishani, anapita mbele ya ubao, anafika mlangoni, anasimama pale, anauliza, anasubiri, anarudi. Mwanzoni miguu yake ilikuwa ikigoma katikati ya chumba kama punda penye daraja. Mimi napiga kelele, "Sisi wa mlangoni tumekosa nini?" Naye anajilazimisha.

Na kila alipovuka kwenda mlangoni, sauti yake ilififia kama redio inayopoteza kituo. Naona midomo, sisikii kitu. Anarudi dirishani, kituo kinakamata tena, nasikia mwisho wa sentensi ambayo mwanzo wake nimeukosa.

"Bibi, unasikia nikiwa huku?" aliniuliza siku moja. Nilijua ndilo swali kwa jinsi alivyoshika sikio lake mwenyewe.

"Nasikia vizuri kabisa," nikasema. "Endelea."

Na majibu nikawa natoa. Nusu na robo nilishazijua. Nilichofanya ni kubahatisha ni ipi imeulizwa. Nilipopata, nilipata. Nilipokosa, akanifundisha upya, kwa subira, upande ule ule nisiousikia.

Alirudia somo. Mkaguzi alikuwa yuleyule. Safari hii mjukuu wangu alirudi akikimbia, nikauhisi mtikisiko wa ngazi kwenye miguu ya kiti. Alisema alipofika upande wa mlangoni aliita jina la yule mtoto wa mkate, na mtoto alisimama akajibu vibaya kabisa, kwa furaha kubwa, na mkaguzi akaandika kitu akicheka. Leseni ikatoka baadaye: karatasi ngumu yenye muhuri na picha yake amekunja uso. Nikaishika kwa pembe nisiipake chaki.

Halafu akafunga sanduku.

Sitawachosha na siku ya kuondoka. Fundi viatu alimbebea mzigo mpaka barabarani, akakataa asante. Mjukuu alinikumbatia, akaninong'oneza neno kwenye sikio la kulia, nalo ni langu.

Nyumba ikarudi ilivyokuwa, ila mbaya zaidi, kwa kuwa sasa ilikuwa na ubao. Alikuwa ameacha maandishi yake pale: tarehe, na chini yake, "Nusu mbili hufanya kizima." Nilikuwa kiranja, kufuta ni kazi yangu, lakini kazi hiyo nikaigomea. Alasiri ikifika miguu yangu ilijua. Kwa muda nilivaa viatu. Halafu nikaona naonekana kama mtu aliyefika kituoni na gari limeshaondoka, nikarudi kwenye kandambili. Redio ikarudi kuwa na la kusema. Simu alipiga, nami naiweka kulia, ananieleza habari za watoto wake, majina kibao, wa pande zote. Kisha anaitwa, anakata. Nilijaribu kulibishia koti la kabatini. Halikunipinga.

Likizo ikafika, akaja.

Nilikuwa kwenye kiti, nimeutazama ubao, pengine nimesinzia. Nilihisi upepo wa mlango shingoni nikasubiri. Nilisubiri ile kona: hatua nyuma ya kiti, kivuli dirishani, kisha sauti. Dirisha likabaki dirisha. Baada ya muda nikageuza kichwa upande wa pili, nikamwona. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, kushoto kwangu, mlangoni, kavua viatu, kaweka mkoba mapajani, anaongea. Bila shaka alikuwa ameongea kitambo. Mikono ilikuwa inapaa, macho yanacheka, anaonyesha kimo cha mtoto fulani, halafu cha mwingine mfupi zaidi, halafu anamwigiza mtu anayetembea kwa kuchechemea. Alikuwa amenenepa kidogo. Alipendeza.

Ile kona ilikuwa imemtoka. Kitu alichojua kabla ya kujua kusema, kimemtoka, nami ndiye niliyekitoa, kwa mkono wangu mwenyewe uliokufa ganzi.

Kugeuza kiti ni kazi ndogo. Hata kusema "njoo huku" ni maneno mawili. Lakini namjua huyu. Angekumbuka, angejipiga paji la uso, angeomba radhi mpaka jioni, na likizo nzima angekuwa anazunguka kiti changu kama saa. Halafu angerudi shuleni na miguu iliyokumbushwa dirisha, na kule mlangoni amekaa mtoto na mkate wake.

Basi nikakaa hivyo hivyo. Nilimtazama mdomo. Alipocheka, nikacheka. Alipotikisa kichwa, nikasema "jamani." Saa ya ukutani, juu yake, lazima iligonga, maana nilimwona akishtuka kidogo, kisha akaendelea.

Mwisho akanyamaza, akainua nyusi. Lilikuwa swali hilo, tena kubwa, kwa jinsi alivyoinama mbele akisubiri jibu. Alisubiri vizuri sana, kwa subira yote aliyoisomea, wala hakunisaidia.

Nikanyoosha mkono kwanza, kama inavyopaswa.

"Ndiyo, mwalimu," nikasema.

Akacheka mpaka akashika ukuta. Kwa hiyo nilipata au nilikosa kabisa. Mpaka leo sijui aliniuliza nini.